Kabla Hujanunua Kopo la Poda ya Misuli, Piga Hesabu Hii

Mtoto wa dada yangu alinijia jioni moja baada ya magharibi, kopo kubwa jeusi kalikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Kilo tatu. Kalinunua shilingi 6,500, na mshahara wake wa mwezi pale dukani anapouza simu haufiki 15,000. "Mjomba, hebu nisomee hii," akaniambia. "Nimeambiwa mwezi mmoja tu nitakuwa nimejaa."

Mimi si daktari. Diploma yangu ni ya uhasibu, na mhasibu akipewa kopo hulipindua akasoma nyuma kwenye namba, hatazami picha ya mbele. Tukaketi barazani tukasoma. Kipimo kimoja ni vijiko viwili vikubwa, gramu 150. Ndani yake protini ni gramu 22 na wanga gramu 115. Kitu cha kwanza kwenye orodha ya viungo kilikuwa maltodekstrini, ambayo ni wanga uliovunjwavunjwa mpaka ukakaribia kuwa sukari. Kisheria viungo huandikwa kwa uzito, kilicho kingi hutangulia. Kwa hivyo kijana alikuwa amenunua unga mtamu uliotiwa protini kidogo.

Nikachukua kalamu. Kilo tatu ukizigawa kwa gramu 150 ni siku 20, hata mwezi haufiki. Siku 20 mara gramu 22 ni gramu 440 za protini kopo zima. Shilingi 6,500 ukizigawa kwa 440, kila gramu moja imemgharimu karibu shilingi 15. Nikamwita mamake tukamuuliza trei ya mayai kanunua ngapi wiki ile. Akasema 450. Yai moja lina protini kama gramu 6, trei nzima ni gramu 180, kwa hivyo gramu moja ni shilingi mbili na nusu. Pojo, kilo moja shilingi 200, ina protini kama gramu 240 ikiwa kavu. Gramu moja haifiki shilingi. Bei hubadilika kila siku, wewe weka za dukani kwako, lakini utaona mpangilio ni ule ule.

Kijana akanyamaza. Nami nikaona niandike, maana si yeye peke yake. Siku hizi kila mtaa una jimu yake, nyingine ni chumba kimoja na vyuma vilivyochomelewa na fundi wa hapo hapo, na hilo ni jambo la kushukuru kwa sababu kijana aliye kwenye vyuma saa mbili usiku hayuko maskani akitafuta balaa nyingine. Tatizo ni kwamba anayempa mafunzo ya chakula mara nyingi ndiye huyo huyo anayemuuzia kopo.

Misuli hukua vipi

Msuli hukua kwa sababu umelazimishwa. Unapobeba uzito unaokaribia kukushinda, nyuzi za msuli hupata ishara kwamba kazi iliyopo ni kubwa kuliko uwezo uliopo, na mwili huanza kuongeza. Bila ya ishara hiyo, protini yoyote utakayokula itatumika kwa mambo mengine au kuchomwa kama nguvu ya kawaida. Tazama mahamali wa mikokoteni pale Marikiti, mabega na mapaja yao. Wengi hawajawahi kuonja poda. Chakula chao ni chapati, maharagwe, ugali na kitoweo cha kibandani, kingi. Kilichowajenga ni mzigo wa kila siku. Sisemi kazi ile ni ya kuonea wivu, inaumiza migongo na magoti, nasema tu mwili unajua kufuata mzigo.

Kwa anayeanza jimu inatosha kila kundi la misuli kufanyiwa kazi mara mbili kwa wiki, kwa uzito unaomfikisha mahali ambapo amebakiza marudio mawili matatu tu kabla ya kushindwa. Na uzito huo uongezwe kidogo kidogo. Aandike kwenye daftari. Kijana anayebeba kilo 30 leo na miezi sita baadaye bado anabeba 30 asilaumu chakula.

Halafu alale. Saa saba hadi tisa. Hili nalipita haraka kwa kuwa kila mtu analijua na hakuna anayelifuata, simu haziwaachi.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kasi. Mwanamume anayeanza, akifanya kila kitu sawa, anaweza kuongeza misuli ya kama nusu kilo hadi kilo moja kwa mwezi katika miezi ya mwanzo, na kasi hiyo hupungua kadiri anavyoendelea. Mwanamke huwa kama nusu ya hapo. Ukiona mtu kaongeza kilo tano kwa mwezi mmoja, nyingi kati ya hizo ni mafuta na maji, au kuna kitu anatumia. Nitakifikia.

Protini kiasi gani

Kiwango kinachotajwa kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Hicho ni cha kumtosha asipungukiwe. Anayebeba vyuma anahitaji zaidi. Mwaka 2018 watafiti walikusanya matokeo ya majaribio 49 yenye washiriki zaidi ya 1,800, wakaona kwamba kuongeza protini kunasaidia mpaka karibu gramu 1.6 kwa kilo, na kuanzia hapo faida haionekani tena. Wengine huenda mpaka 2.2 kwa tahadhari. Zaidi ya hapo unakula pesa.

Mpwa wangu ana kilo 58. Mara 1.6 ni gramu 93. Tuseme mia moja tusibishane.

Sasa hapa ndipo penye shida yetu sisi watu wa Pwani, na shida si umaskini peke yake. Tazama neno lenyewe, kitoweo. Ni kitu cha kutowelea wali. Wali ndio chakula, samaki ni wa kuupa ladha. Sinia linajaa mchele wa nazi, juu yake kipande cha changu kimoja wanagawana watu wawili, na kipande kikubwa kina mwenyewe, ni cha baba. Kijana anayefanya kazi mjini ndiyo kabisa: asubuhi chai na mahamri mawili, mchana viazi karai na ukwaju, jioni chapati na mchuzi. Kalori zipo, tumbo limejaa, lakini ukijumlisha protini hafiki gramu 50. Huyu ndiye anayeambiwa mwili wake "haushiki misuli" na kuuziwa kopo.

Dawa yake imo humu humu jikoni. Kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 150, awe tafi, nguru au jodari, kina protini zaidi ya gramu 30. Nyama ya ng'ombe au kuku asiye na mafuta ni hivyo hivyo au zaidi kidogo. Dagaa wakavu, ambao wengi wetu tunawadharau na kuwaita chakula cha bara, karibu nusu ya uzito wao au zaidi ni protini, na ukiwala wazima na mifupa yao unapata na kalsiamu. Kikombe cha pojo au maharagwe yaliyoiva kina kama gramu 14. Glasi ya maziwa au mtindi, 8. Karanga mkono mmoja, 7.

Kuna wanaosema protini ya kunde na maharagwe ni ya daraja la pili. Ni kweli nusu. Jamii ya kunde ina upungufu wa aina moja ya amino asidi, na nafaka ina upungufu wa nyingine, lakini moja ina kingi cha kile kilichopungua kwa mwenzake. Mbaazi kwa mahamri, maharagwe kwa wali, pojo kwa chapati: bibi zetu walikuwa wameshalimaliza suala hili kabla hatujalisikia. Si lazima hata viliwe mlo mmoja, siku moja inatosha.

Tukapanga siku ya kijana kwa chakula ambacho mamake tayari anapika. Asubuhi mahamri mawili kama kawaida, nusu kikombe cha mbaazi, chai ya maziwa, na mayai matatu ya kuchemsha. Mchana sahani ya wali na kile kipande cha samaki cha gramu 150. Alasiri karanga mkono mmoja na ndizi. Usiku chapati mbili, kikombe cha pojo, glasi ya maziwa. Nikajumlisha nikapata protini kama gramu 110 na kalori kama 2,700. Dada akauliza samaki wa kipande hicho kila siku atatoka wapi. Swali la haki. Tukakubaliana siku tatu za wiki iwe samaki au nyama, siku nyingine dagaa au mayai mawili zaidi na kikombe cha pili cha maharagwe. Shilingi 6,500 za kopo zingelipa nyongeza hiyo na chenji ikabaki.

Ugawe mlo. Gramu 25 hadi 35 mara tatu au nne kwa siku ni bora kuliko kula mayai kumi usiku mmoja. Na ile habari kwamba lazima unywe protini ndani ya nusu saa baada ya mazoezi isikutoe jasho, jumla ya siku ndiyo yenye uzito mkubwa.

Wenye kisukari cha muda mrefu au figo zilizoanza kuchoka wasifuate hesabu hizi kabla ya kumwona daktari. Kwa figo nzima, viwango hivi havijaonekana kuleta madhara.

Kalori

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula. Gramu ya protini ina 4, ya wanga 4, ya mafuta 9. Mwembamba anayetaka kuongezeka ale kalori 300 hadi 500 zaidi ya zile zinazomweka alipo. Hana haja ya kuhesabu kila tonge. Ajipime kila Ijumaa asubuhi kabla ya kifungua kinywa, mizani ile ile. Isipopanda kwa wiki mbili, aongeze chapati moja na maziwa. Ikipanda zaidi ya nusu kilo kila wiki, apunguze.

Mwenye kitambi, na hapa najitazama mwenyewe, kazi yake ni kinyume. Tui zito, mafuta ya kukaangia bajia na soda za harusini ndizo zilizonifikisha nilipo. Mtu wa namna hii akiwa mgeni wa vyuma anaweza kujenga misuli huku akipungua mafuta, mradi protini ibaki juu na wali upungue. Kwa sisi tuliopita arubaini jambo hili si la urembo. Misuli huanza kupungua yenyewe kadiri umri unavyokwenda, na msuli ndio unaomeza sehemu kubwa ya sukari inayoingia damuni baada ya kula. Katika nyumba zetu zenye wagonjwa wa sukari wawili watatu kila ukoo, hilo linatosha kumtoa mtu barazani. Mama zetu pia. Kubeba vyuma hakumgeuzi mwanamke kuwa dume, homoni za kufanya hivyo hana kwa kiwango hicho.

Kilicho ndani ya makopo

Poda ya wei ni kitu cha kweli. Maziwa yakigandishwa kutengeneza jibini hubaki maji ya kimanjano, maji hayo hukaushwa, na unga unaopatikana una protini nzuri inayosagika haraka. Kijiko cha gramu 30 hutoa gramu 20 hadi 25. Haina muujiza wowote. Ni maziwa yaliyopunguzwa maji, na humfaa asiye na muda wa kupika au asiyeweza kula sana. Ukinunua, gawa protini ya kipimo kwa uzito wa kipimo. Ikiwa haifiki gramu 20 katika 30, umeuziwa unga.

Hata hapo kuna ujanja. Maabara kwa desturi hazipimi protini moja kwa moja. Hupima nitrojeni kisha hukadiria, kwa njia aliyoitoa mwanakemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, mwaka 1883. Basi mfanyabiashara akitia amino asidi za bei rahisi kama glisini au taurini, nitrojeni hupanda na namba ya protini kwenye lebo hupanda nayo, ilhali kinachojenga msuli hakijaongezeka. Ni mlango ule ule walioingilia waliotia melamini kwenye maziwa kule Uchina mwaka 2008, ambapo watoto wachanga sita walikufa na karibu laki tatu wakaugua. Ukiona glisini au taurini zimeorodheshwa miongoni mwa viungo vya poda ya protini, rudisha kopo.

Kreatini ndiyo pekee ambayo mhasibu huyu angeipitisha. Imo kwenye nyama na samaki, iligunduliwa na Mfaransa Chevreul mwaka 1832, na imefanyiwa utafiti mwingi. Gramu 3 hadi 5 kwa siku, ile ya kawaida iitwayo monohaidreti, humwezesha mtu kuongeza marudio mawili matatu. Uzito utapanda kilo moja au mbili mwanzoni, hayo ni maji ndani ya misuli. Ukienda kupimwa figo mwambie daktari unaitumia, kwa sababu huweza kupandisha kipimo cha kreatinini kwenye damu ikaonekana figo zina kasoro na hazina.

Zile poda za kunywa kabla ya mazoezi, nguvu yake kubwa ni kafeini. Vikombe viwili vya kahawa chungu kwa muuza kahawa wa Mji wa Kale, na kipande cha kashata, vitakupeleka jimu vizuri tu. Vidonge vya amino asidi peke yake, kama chakula chako kina protini ya kutosha, ni kuongeza maji baharini.

Na kwetu sisi Waislamu lipo la halali. Mimi si shekhe, lakini lebo nazisoma: ganda la kidonge na peremende za vitamini mara nyingi ni jelatini, na jelatini na kolajeni zaweza kutoka kwa nguruwe kama zinavyoweza kutoka kwa ng'ombe au samaki. Ikiwa haikutajwa ni ya nini na hakuna alama ya halali, uliza au iache. Wei nayo hupitia kimeng'enya cha kugandisha jibini ambacho asili yake hutofautiana. Mwezi wa Ramadhani usiogope kupoteza misuli. Gawa protini yako futari, baada ya tarawehe na daku, kunywa maji ya kutosha usiku, na vyuma beba baada ya tarawehe au saa moja kabla ya magharibi kwa uzito mwepesi kidogo.

Sindano na vidonge

Nilisema nitakifikia. Huuzwa sindano na vidonge vya steroidi za kujenga misuli, ambazo ni testosteroni ya kutengenezwa au jamaa zake. Zinafanya kazi, tusidanganyane, ndiyo maana zinauzika. Lakini mwili ukiona homoni inaingia kutoka nje, ubongo huzima kiwanda cha ndani. Korodani husinyaa, mbegu za uzazi hupungua mpaka huweza kwisha kabisa, na kurudi kwake huchukua miezi, wengine zaidi ya mwaka, wengine hazirudi sawa. Matiti hutokea kwa mwanamume. Presha hupanda, damu huwa nzito, moyo hutanuka, na vile vya kumeza huumiza ini. Kijana anaoa, mwaka unapita, watu wanaanza kumnong'onea bibi harusi, na tatizo liko kwenye begi la mazoezi la mume. Anayecheza ligi ajue pia kwamba sheria za michezo humhukumu kwa kilichokutwa mwilini mwake, hata akisema hakujua kilikuwa kwenye poda.

Kuna kitu kingine, na hiki wengi hukichanganya na hicho. Vidonge vidogo vya kunenepesha vinavyouzwa bila karatasi ya daktari, vingi ni dawa za mzio zinazoongeza hamu ya kula zikichanganywa na deksamethasoni. Nayo huitwa steroidi, lakini ni ya ukoo mwingine na kazi yake ni kinyume: huvunja msuli. Unene unaouona ni maji na mafuta, uso unakuwa wa duara kama mwezi, mikono na mapaja yanabaki membamba. Ninamjua kijana wa mtaa wetu aliyevitumia miezi mitano akisifiwa kila anapopita kwamba "amenawiri". Alipoanguka kazini alikutwa na sukari na presha, ana miaka 24. Na anayevitumia kwa muda mrefu asiviache ghafla kwa hofu baada ya kusoma hapa, kwa kuwa tezi zake huwa zimelala na kuacha ghafla kwaweza kumwangusha. Aende kwa daktari na pakiti mkononi, apunguziwe polepole.

Mpwa wangu kopo hakulitupa, pesa ilikuwa imeshatoka. Alilimaliza kwa kutia kijiko kimoja kwenye uji wake wa asubuhi. Miezi minne imepita, mizani inasema 61, na daftari linasema anachuchumaa na kilo 70 alipoanzia 35. Kopo tupu dadangu kaliosha, anawekea pojo.